Kabla Hujaaga Kazi ya Mshahara

Msikilizaji wangu wa Kilindini, wewe unayetoka zamu bandarini na kamera mkobani, leo nasema nawe. Miaka ya 1990, pale kivuko cha Likoni, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye michoro ya meli na ndege. Abiria wa feri akisimama mbele ya michoro hiyo, alipata picha ya kuwapelekea wa nyumbani. Simu za mkononi zimeila kazi hiyo. Tegemeo sasa ni harusi, nazo zina msimu: mwezi wa Ramadhani huadimika, lakini kodi ya nyumba haifungi. Weka akiba kwanza.

Ukishaamua kuacha kazi ili upige picha, usitoroke. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi, angalau siku 28.

Na lenzi, ndugu yangu! Unyevu wa pwani yetu huotesha ukungu ndani ya kioo, mfano wa utando wa buibui. Itie kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vya ndani ya maboksi ya viatu.

La mwisho: picha ya kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao ya kumwonyesha bibi harusi, ni amana. Usiirushe mtandaoni bila idhini yake.