Kutunza ngozi kila siku kwa sabuni ya mgao

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

Ni mimi mtangazaji wako, naongea nawe kutoka hapa Nyarugusu. Kama uko Nakivale, kama uko Kakuma, kama mmekaa watu kumi mnasikiliza redio ya jirani, karibuni nyote. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu betri zimeisha, karibu pia.

Leo tunaongea ngozi. Maswali tuliyopokea ni mengi, na karibu yote yanatoka kwa wasichana. Mmoja anasema anataka kuanza kutunza ngozi yake, ana fedha kidogo alizopata kwa kusuka nywele, na mama mmoja anayepita na begi amemwambia aanze na kopo la krimu ya kung'arisha. Anauliza: ninunue?

Hapana dada. Anza na maji, sabuni na mafuta kidogo. Vingi kati ya hivyo tayari unavyo nyumbani, na nitakueleza namna ya kuvitumia. Hiyo krimu tutaifikia, usizime redio.

Tuanze na sabuni, maana najua mtu atasema, wewe unaongea tu, sabuni yenyewe iko wapi? Kipimo kinachotumika katika misaada ya dharura ni gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mtu mmoja kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, ni kama gramu 8 kwa siku. Ni kidogo, na kuna miezi hata hicho kidogo kinachelewa. Lakini ngozi haihitaji sabuni mwili mzima kila siku. Paka sabuni kwapani, sehemu za siri kwa nje, matakoni na miguuni, na shingoni na usoni kama umeshinda kwenye vumbi. Mikono, mgongo na mapaja, kama hujashinda shambani, maji peke yake yanatosha. Kwanza sabuni nyingi inaondoa mafuta ambayo ngozi inajitengenezea yenyewe, ndiyo maana wakati wa kiangazi miguu inakuwa myeupe na kupasuka. Sabuni ya unga ya kufulia usiogee. Inakausha, inawasha, na kwa mtoto mchanga ni mbaya kabisa.

Oga kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu. Usijisugue kwa jiwe usoni. Kila mtu awe na kitambaa chake cha kujifutia, hata kama ni kipande cha kitenge cha zamani, na kianikwe juani. Jikaushe vizuri katikati ya vidole vya miguu na chini ya matiti, maana fangasi wanapenda penye unyevu.

Sasa mafuta. Usingoje mpaka ngozi ikauke kabisa. Jipake ndani ya dakika chache baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu kidogo, kwa sababu kazi ya mafuta ni kuyafungia yale maji yasitoke. Vaselini ya kawaida isiyo na manukato inatosha. Gliserini inatosha, ila ichanganye na maji. Mafuta ya nazi ni mazuri ukiyapata. Mafuta ya mgao ni chakula, waachie watoto. Kama una chunusi, usipake mafuta mazito usoni, osha uso asubuhi na jioni, na usizikamue, hata kama shoga yako anakwambia yeye anajua kukamua.

Asubuhi kabla ya kwenda bombani, fikiria jua. Ninyi wa Kakuma hamhitaji kufundishwa jua. Kofia pana, kitenge kichwani, mikono mirefu, na kazi za nje zifanyike mapema. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai, kwa sababu jua linawaletea saratani ya ngozi. Mzazi, mtoto wako mwenye ualbino avae mikono mirefu kila siku, hata siku ya mawingu. Waulize wahudumu wa afya kuhusu mafuta maalumu ya kukinga jua, na kidonda chochote kisichopona kionwe haraka.

[Muziki mfupi]

Tumefika kwenye lile kopo.

Krimu nyingi za kung'arisha zina zebaki, au haidrokwinoni, au dawa kali ya hospitali inayoitwa klobetasoli. Zebaki mnaijua. Wale mliotoka Fizi au Mwenga mmeiona kwa wachimba dhahabu, inang'aa na kuteleza kama fedha iliyoyeyuka. Zebaki hiyo, ila kwa umbo jingine, ndiyo inayowekwa kwenye krimu ya uso. Inapita kwenye ngozi, inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito akiipaka inamfikia mtoto tumboni. Hata asiyejipaka anaweza kuipata kwa taulo na shuka za pamoja, na nyumba zetu hizi ni chumba kimoja.

Soma kopo. Tafuta maneno mercury, mercure, calomel, hydroquinone, clobetasol. Ukiona maelekezo yanasema krimu isiguse dhahabu wala fedha, shuku zebaki. Na kopo lisilo na maandishi kabisa, au mkorogo uliopimwa kwenye mfuko wa nailoni, usiguse. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Ndiyo maana zinatembea ndani ya begi.

Simtukani mama anayeuza, naye anatafuta unga. Wala sitawacheka dada zangu. Tumesikia wote maneno ya harusini, kwamba bibi harusi "ametakata". Mimi nasema maneno hayo ndiyo yanayouza krimu kuliko huyo mama.

Klobetasoli nayo ina ujanja wake. Mtu anawashwa, anaipaka, mwasho unapungua, anasema nimepona. Kumbe ni upele, na wadudu wanaendelea kuchimba huku wakifichwa. Ukiwashwa zaidi usiku, katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono na kiunoni, na watoto nao wanajikuna, nendeni kituo cha afya. Nyumba nzima itibiwe siku moja, hata asiyewashwa. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na kisichofulika kifungwe kwenye mfuko kwa wiki moja. Mwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 baada ya dawa, msiogope. Na mafuta ya taa si dawa ya upele. Yanaunguza.

Jambo jingine, unapojipaka mafuta jioni, jiangalie. Baka lililopauka au jekundu ambalo ukiligusa husikii kitu linaweza kuwa ukoma. Unatibika, dawa zake ni bure, na anayewahi anaepuka ulemavu. Mgongoni huoni mwenyewe, mwombe dada au mume aangalie.

Na wewe ambaye umeshajipaka miaka miwili? Yenye zebaki acha leo. Yenye klobetasoli, usiiache ghafla peke yako, kwa sababu uso unaweza kuwaka na kuvimba. Nenda kwa mhudumu wa afya na kopo lenyewe mkononi, akupangie. Kama una mimba au unanyonyesha, nenda kesho asubuhi, na umwambie wazi umekuwa ukipaka nini.

Wiki ijayo ni zamu ya mapunye ya watoto. Mwanao akiwa nayo, usimnyoe kwa wembe wa jirani kabla hatujaongea.

[Muziki unapanda]