Mzizi Kabla ya Jani



Mpita njia atokaye kituo cha mwendokasi cha Gerezani kuelekea soko la Kariakoo, aonapo vichala vya zabibu juu ya matoroli, aghalabu hudhani kuwa tunda lenye maji tele namna ile halina budi kuwa limetoka nchi ya mito na manyunyu. Kumbe zabibu zetu nyingi zatoka Dodoma, nchi kame ipatayo mvua za msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, kadiri ya milimita 500 au 600 kwa mwaka. Basi mmea huo wastahimilije kiu?

Siri yake i katika mizizi izamayo ardhini, nayo huanza siku ya kupanda. Mkulima hapandi mbegu, bali pingili: kipande cha tawi lililokomaa, chenye macho matatu au manne. Pingili haina mzizi, lakini ndani yake hupita matarishi ambao wataalamu huwaita homoni. Wa kwanza ni auksini, aliyedhihirishwa na Frits Went wa Uholanzi mwaka 1928: hutoka machoni na katika majani machanga, hushuka hata palipokatwa, na hapo, kwa kukosa njia ya kuendelea, hukusanyika na kuziamrisha chembe hai zilizo karibu na jeraha ziwe mizizi. Ndiyo sababu wenye vitalu huichovya ncha ya chini katika unga wa homoni, tena kwa kiasi, kwani ukizidi huizuia mizizi ileile.

Tarishi wa pili ni asidi ya absisiki. Udongo ukaukapo, huyaamuru majani yafunge vijitundu vyake, maji yasipotee. Lakini jani lililofunga hukosa pia hewa ya kupikia chakula, hivyo amri hiyo ni saumu ya muda, wala haiwezi kuchukua mahali pa mizizi iliyozama.

Nawe msikilizaji, ukiitia pingili yako katika kopo lililotobolewa chini, uani mwako, iweke kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Macho yakifumbua majani, usifanye hima kuihamishia juani, kwa kuwa majani hayo hula akiba iliyomo katika tawi, na mara nyingi huitangulia mizizi. Baada ya wiki 6 hivi ivute taratibu. Ikikataa kutoka, hapo ndipo ujue kuwa imeshika ardhi.