Jembe Lisiwe Fimbo

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za shule



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida huwa tunawaachia walimu peke yao: namna watoto wetu wanavyofundishwa kutumia ardhi, miti na maji kwa namna itakayotufaa sisi bila kuwanyima wale watakaokuja baada yetu. Wataalamu huiita elimu ya maendeleo endelevu. Sisi tutaanza na jambo dogo tulilolishuhudia.

Katika shule moja ya msingi iliyo jirani nasi, siku ya Jumanne, watoto wa darasa la tano walinakili kutoka ubaoni athari za kukata miti ovyo: mmomonyoko wa udongo, ukame, kuenea kwa jangwa. Siku ya Jumatano watoto walewale walifika shuleni kila mmoja na kipande cha gogo kichwani, kwa kuwa ilikuwa zamu ya darasa lao kuleta kuni za kupikia uji. Siku ya Alhamisi, wavulana wanne waliochelewa mstarini walipewa adhabu ya kumwagilia miche iliyo nyuma ya madarasa.

Hatusemi haya ili kumlaumu mwalimu yeyote. Uji ulipaswa kupikwa, na wapo watoto ambao uji huo ndio mlo wao wa kwanza kwa siku. Tunauliza tu: katika siku hizo tatu watoto wale walifundishwa nini? Walifundishwa kwamba mti ni jibu la mtihani, kwamba kuni hupatikana popote, tena bila kuuliza, na kwamba kuutunza mti ni kazi ya mkosaji. Mafundisho mawili ya mwisho yalikuwa na nguvu kuliko lile la ubaoni, maana yaliingia mwilini.

1. Lazima ina pande mbili

Nchini mwetu shule si hiari. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na mzazi anayemficha mtoto wake anaweza kushtakiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imekwenda mbele zaidi na kupanga elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Tunaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa ni ngao ya mtoto wa maskini, na hasa ya binti.

Lakini tukimlazimisha mtoto kuketi darasani miaka kumi, nasi tunalazimika. Si haki kumlazimisha mtu mdogo asikilize maneno ambayo sisi wakubwa hatuyaishi mbele yake. Ndiyo sababu Tume ya Haki na Amani imeona kwamba suala hili ni lake pia, wala si la wataalamu wa misitu tu.

2. Hatuanzi leo

Wapo wanaodhani kwamba elimu ya namna hii imeletwa na wageni. Ni kweli kwamba mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 uliyahimiza mataifa yote kuifundisha, na kwamba Umoja wa Mataifa uliitengea muongo mzima, kuanzia mwaka 2005 hadi 2014. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitumia sura ya mwisho kueleza malezi ya kuitunza dunia.

Hata hivyo, miaka 25 kabla ya Rio, mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na kwamba matumizi ya mbolea, malisho bora, matuta na hifadhi ya udongo vifundishwe huku vikitendwa. Tena alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi, waone hesabu za mapato na matumizi, na wanufaike na jasho lao. Huo ulikuwa moyo wa mpango wenyewe.

3. Tulipopotea njia

Wengi wetu tuliosoma miaka ya 1970 na 1980 tunakumbuka yaliyotokea. Shamba lilikuwapo, na majembe tulibeba. Tulilima pamba, tukaipalilia, tukaichuma. Lakini bei yake hatukuambiwa, wala fedha zake hatukuziona. Aliyepiga kelele darasani alipimiwa kipande cha kulima peke yake juani. Hesabu zilibaki ofisini, mipango ilibaki kwa wakubwa, kwetu likabaki jembe tu. Jembe likawa ndugu yake fimbo.

Matokeo tumeyavuna sisi wenyewe. Wazazi wetu walituambia, nasi tumewaambia wanetu: "Soma kwa bidii, usije ukashika jembe." Kwa maneno hayo tumemfundisha mtoto kwamba elimu ni njia ya kuukimbia udongo. Je, twaweza kumtaka aupende na kuulinda?

Nasi wa parokia tukiri kosa letu. Katika sikukuu ya somo wetu tumezoea kuagiza kuni nyingi za kupikia chakula cha wageni, na hatujawahi kuuliza zimekatwa wapi. Watoto wa shule huimba siku hiyo, na wanaziona.

4. Wazee waliojua

Huku kwetu Usukumani tunao mfano wa mambo haya karibu nasi. Wakati wa ukoloni, vichaka vingi vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikaongezeka. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na wengi waliyaacha maeneo waliyokuwa wakiyahifadhi. Ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI.

Mpango huo ulifanikiwa pale ulipokubali kujifunza kwa wazee. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, lisiguswe na mifugo hadi kiangazi kinapobana. Dagashida, yaani baraza la jadi, iliweka sheria na faini, na watu wakazitii kwa kuwa ni zao. Ngitili zilirudi katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule kwa eneo linalokadiriwa kuzidi hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki na mbegu vilikuwa bado hai ardhini, vikachipua vilipopewa nafasi.

Ndugu, ni watoto wangapi wa shule zetu wamewahi kupelekwa kuiona ngitili na kumsikiliza mzee akieleza kwa nini inafungwa mwezi fulani na kufunguliwa mwezi fulani? Mtoto anayemsikiliza mzee huyo anajifunza sayansi, jiografia, uraia na heshima kwa mpigo mmoja. Zaidi ya hayo, anajifunza kwamba babu yake asiyejua kusoma ana elimu.

5. Tufanye nini?

Kwanza, adhabu. Tuziombe kamati za shule zikubaliane na walimu kwamba kulima, kupanda na kumwagilia visiwe adhabu kamwe. Kumwagilia mti iwe zamu ya heshima. Aliyekosa aonywe kwa njia nyingine, tena ya haki. Jambo hili halihitaji hata shilingi moja.

Pili, shamba. Liwe dogo tunaloliweza, lenye mboji na makinga maji. Watoto waamue wapande nini, wapime mavuno, na hesabu zibandikwe ukutani mahali wanapoweza kuzisoma. Sehemu ya mavuno irudi katika sufuria yao.

Tatu, jiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Lengo ni jema, lakini halitatimia kwa kumtuma mtoto porini. Wazazi tuchangie jiko la gesi; na pale ambapo uwezo haujafika, tujenge jiko banifu linalokula kuni chache, nasi watu wazima tuzitafute kuni hizo mahali panaporuhusiwa. Tuanze na jiko la parokia, ili tusiwafundishe wengine tusiyoyatenda.

Nne, mti. Siku ya Upandaji Miti Kitaifa ni tarehe 1 Aprili, na huku kwetu mvua huwa karibu kwisha. Miche hupandwa kwa shangwe, kisha shule hufungwa mwezi Juni na miche ikakauka. Basi tupande mapema, mvua zinapokolea, miche michache tu. Na kila jumuiya ndogondogo ipokee zamu ya kuimwagilia wakati wa likizo. Tusihesabu miche iliyopandwa. Tuhesabu iliyo hai baada ya miaka mitatu.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hatuwezi kuwaachia wanetu urithi mkubwa wa mali. Lakini twaweza kuwaachia udongo uliobaki mahali pake, na mikono isiyoona haya kuushika. Watoto wale wanne bado wapo shuleni. Wakiwa darasa la saba, wapewe ndoo ileile, miche ileile, na wasikie wakiitwa kwa majina mbele ya wenzao, si kwa kuwa wamekosa, bali kwa kuwa wameaminiwa.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika shule ya watoto wetu, ni kazi zipi za shamba na mazingira zinazotolewa kama adhabu? Ni nani kati yetu atakayezungumza na mwalimu mkuu?

2. Kuni za shule na za parokia zinatoka wapi, na nani anazibeba?

3. Ni mzee gani wa kijiji chetu anayeweza kuwafundisha watoto juu ya ngitili, na tumwalike lini?