Reli ya Zamani ya Kisumu na Watoto wa Rongo



Rongo haina reli, wala haijapata kuwa nayo. Hata hivyo wazee wengi wa Nyanza ya Kusini walikula mshahara wa relwe: huyu alikuwa mchochea moto, yule alipunga bendera steshini, mwingine alitengeneza njia akakaa miaka mingi katika nyumba za relwe za Muthurwa, Nairobi. Wajukuu wao wengi hawajapanda gari la moshi hata siku moja. Basi yafaa familia ya Rongo ifunge safari, ipitie Kisii, Oyugis na Ahero mpaka Kisumu, ikamchukue na babu.

Reli hiyo ilianzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Desemba 1901, upana wake meta moja tu. Wafanya kazi walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa karibu 32,000, na karibu 2,500 katika hao walikufa kazini. Nao Wanandi, ambao nchi yao ilikatizwa, walipigana hata Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Watoto waambiwe hayo pia, wasionyeshwe vilima tu.

Lakini vilima navyo ni vya ajabu. Kutoka Kisumu njia hupita kwanza katika uwanda wa miwa, Miwani, Chemelil na Muhoroni, na hapo mtoto wa Rongo hatashangaa, kwani miwa anaiona kwao kila siku. Baada ya Koru mambo hugeuka. Reli huanza kupanda, ikijipinda huku na huku, ikivuka mabonde kwa madaraja marefu ya chuma, Fort Ternan, Kipkelion, Londiani. Ziwa liko futi 3,700 na zaidi juu ya bahari. Kilele cha Mau kimepita futi 8,000. Aliyeondoka na shati jepesi hujuta.

Kuna shida moja, nayo si ndogo. Treni ya abiria iliporudi Kisumu Desemba 2021, baada ya kukosekana miaka mingi, ilipangwa kusafiri usiku. Msafiri alilala palepale ambapo pangemfurahisha, asione kitu ila taa za steshini. Huko Darjeeling, India, reli nyembamba iliyofika mwaka 1881 ina treni za matembezi mafupi ya mchana hadi Ghum na kurudi, na wageni huja kutoka nchi za mbali kuzipanda. UNESCO iliiandika reli hiyo katika urithi wa dunia mwaka 1999. Treni ya mchana kutoka Kisumu hadi Fort Ternan na kurudi, hata mara moja kwa mwezi, ingetosha kuanzia. Na akina mama wa Muhoroni na Koru wangepata wa kuwauzia ndizi na mahindi ya kuchoma.

Wanaofika Nairobi wasiache kupita Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo imo injini ya mvuke namba 5918, iliyoundwa Manchester katika miaka ya 1950, uzito wake tani 250 na zaidi. Hapo babu aliyefanya kazi ya injini aweza kuwaonyesha wajukuu, kwa mkono wake mwenyewe, kila usukani ulikuwa wa nini.