Muhuri wa Mfalme na Shamba la Nabothi



Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitamani, Nabothi akakataa kuliuza, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Mwisho wake twaujua: Nabothi alipigwa mawe hadi akafa, na mfalme akashuka kwenda kulitwaa shamba.

Nawaomba tutazame jambo moja ambalo mara nyingi twalipita. Nabothi hakuvamiwa usiku na wanyang'anyi. Aliporwa mchana, kwa taratibu za serikali. Barua ziliandikwa kwa jina la mfalme na kupigwa muhuri wake; wazee wa mji wakaketi; mashahidi wawili wakasema uongo. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa haki.

Wapendwa, muhuri wa namna hiyo umefanya kazi pia katika nchi yetu ya Kenya. Tume ya Ndung'u, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati za ardhi zipatazo 200,000 zilikuwa zimetolewa kinyume cha sheria katika muda wa miaka 40. Misitu, viwanja vya umma na ardhi iliyotengewa barabara viligawanywa kama nyama ya mawindo.

Matunda yake tumeyaona. Mwezi wa Novemba 2011, matingatinga yaliingia Syokimau, karibu na uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na nyumba za watu walioshika karatasi za umiliki zikawa kifusi. Mwezi uo huo kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa. Hao walikuwa maskini wasio na hati. Mei 2020, wakati wa mvua na ugonjwa wa Korona, ikawa zamu ya familia za Kariobangi. Mwenye karatasi na asiye nayo, wote walilala nje.

Wakuu husema kwamba ardhi ya umma lazima irudishwe. Ni kweli. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ardhi ya Mombasa, iliamua kwamba hati haimlindi mwenye nayo ikiwa ardhi hiyo iligawiwa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Mali ya wote si ya wachache. Lakini hapo ndipo swali linapozaliwa: kama mwananchi hawezi kuitegemea hati yenye muhuri wa serikali, ategemee nini? Je, ni haki aliyenunua apoteze akiba ya maisha yake, na aliyeuza, aliyepima na aliyepiga muhuri waendelee kula kwa amani?

Ahabu naye angeweza kujitetea. Barua hakuziandika yeye, bali mkewe Yezebeli. Hata hivyo, Mungu alimtuma nabii Eliya kwa Ahabu mwenyewe, akamkute palepale shambani. Kwa nini? Kwa sababu muhuri ulikuwa wake. Mwenye mamlaka huulizwa juu ya yale yanayotendwa kwa jina lake.

Kwa hiyo tunapoidai serikali itunze makao ya watu, hatuombi sadaka. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliyataja makao miongoni mwa haki za binadamu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema vivyo hivyo. Tangu mwaka 2016 sheria ya ardhi yadai ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu. Wakazi wa Mitumba walisubiri zaidi ya miaka 9 mpaka Mahakama ya Juu ilipokiri, mwaka 2021, kwamba hata maskini wanaoishi katika ardhi ya umma waweza kuwa na haki ya makao inayostahili kulindwa. Haki yao ilitambuliwa. Lakini mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kubomolewa alikuwa amekwisha kuwa mwanafunzi.

Ndugu zangu, tusimnyoshee Ahabu kidole tukawasahau wazee wa mji. Miongoni mwetu tunaopokea Komunyo wamo madalali, wapima ardhi, makarani wa masjala na machifu. Anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, akaja kuungama bila kurudisha, amkumbuke Zakayo: yeye alirudisha mara nne.

Nanyi makatekista, fundisheni jambo hili katika jumuiya ndogo ndogo. Mwenzenu anapotaka kununua kiwanja, msimwache peke yake na dalali. Afuatane na wazee mpaka masjala ya ardhi. Waitazame ramani, wawaulize majirani. Na ilani ya kubomoa ikija, jumuiya iende pamoja kwa wakuu, kwa adabu na bila woga, na iwapokee watoto wa waliokosa paa.

Ee Mungu, mwenye nchi na vyote viijazavyo, wape watawala wetu moyo wa kuogopa machozi ya Nabothi, nasi utupe ujasiri wa Eliya. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.