Ameacha Miraa Lakini Akili Haitulii: Je, Kuna Dawa?

(Hotuba ya tabibu kwenye semina ya wazazi na walezi wa vijana)



Wazazi na walezi wapendwa, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: waliotumia heroini hupewa methadoni, mbona huyu wangu aliyeacha miraa hapewi kitu? Kijana ameacha kutafuna kweli, lakini hawezi kumaliza ukurasa mmoja wa kitabu. Ukimtuma vitu vitatu dukani analeta kimoja. Mchana kutwa analala. Jirani husema amerogwa, baba yake husema ni mvivu.

Tuanze na jani lenyewe. Miraa mbichi ina kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini. Nguvu yake hupotea upesi baada ya kuchumwa, ndiyo sababu miraa ya Meru hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani kwa mwendo ule mnaoujua. Kathinoni huufanya ubongo umwage dopamini, inayotupa hamu na kutuwezesha kukaza fikra. Ubongo uliozoea kuchochewa kila siku, ukinyimwa kichocheo huzubaa. Huo si uvivu. Majuma ya kwanza ndiyo magumu, na kwa wengi hali hupata nafuu polepole. Kwa waliotumia kokeini au methi, inaweza kuchukua miezi mingi.

Methadoni ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2011, na hapa Kenya miaka michache baadaye. Inatibu uraibu wa heroini na jamii yake tu. Kwa vichocheo, mpaka leo hakuna dawa ya namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 huko Marekani, wenye watu 403 waliotumia methi, ulijaribu sindano ya naltreksoni pamoja na vidonge vya bupropioni. Walioitikia matibabu walikuwa kama 14 kati ya kila 100. Kwa waliopewa dawa bandia hawakufika 3. Ni msaada, lakini ni mdogo.

Zipo dawa za kusaidia umakini, kama methilfenideti. Nayo ni kichocheo! Kijana akijinunulia vidonge hivyo kichochoroni, amehama tawi tu, mti ni uleule. Hata hivyo, wapo ambao hawakutulia tangu utotoni, kabla ya kuonja miraa. Hao huenda wanahitaji matibabu ya umakini hasa, na daktari anaweza kuchagua dawa isiyo kichocheo, kama atomoksetini. Kwa hiyo mkienda kliniki, bebeni ripoti zake za shule ya msingi. Maneno ya mwalimu wa darasa la tatu humsaidia daktari kuliko mnavyodhani.

Dawa ikiandikwa, mzazi aitunze na kuitoa mwenyewe kila siku. Na ndugu zangu wa vikundi vya maombi, nawasihi: mwombeeni, lakini msimwambie azitupe.

Nyumbani, mpeni chakula kwa wakati, maana miraa ilimnyima hamu ya kula. Alale usiku. Kazi iwe fupifupi, na ya dukani iandikwe kwenye karatasi. Lakini akianza kusikia sauti ambazo ninyi hamzisikii, au kusema afadhali afe, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani.

Sasa karibuni kwa maswali.