Haki Hazikushuka Stesheni: Wanawake, Ardhi na Mashauri
Mhadhara wa umma, Mlimba



Nilipoombwa kuzungumza juu ya safari ya haki za wanawake katika ngazi ya kimataifa, nilidhani ningefuata njia iliyozoeleka. Ningeanzia mwaka 1946, Umoja wa Mataifa ulipounda Kamisheni ya Hali ya Wanawake. Ningepita Mexico 1975, Copenhagen 1980 na Nairobi 1985. Kisha ningetua Beijing 1995, ambako Katibu Mkuu wa mkutano mzima alikuwa mtoto wa Ukerewe, Mama Gertrude Mongella. Hayo yamo vitabuni, na wenzangu waliokaa mstari wa mbele wanayafundisha. Nitawaachia wao.

Kilichonigeuza njia ni kauli ya msomi mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, ambaye sitamtaja kwa kuwa hayupo hapa kujitetea. Tukiwa katika mjadala alisema kwamba haki za wanawake ni mzigo uliofungwa New York, ukashushwa bandarini Dar es Salaam, ukapakiwa kwenye treni ya TAZARA na kuteremshwa Mlimba pamoja na wafadhili wake. Kabla ya mzigo huo kufika, alisema, watu wa bonde hili walikuwa na mila zao na walielewana. Ukumbi ulicheka. Mimi pia nilicheka, kisha usiku sikulala.

Tuanze na treni yenyewe. Reli ya Uhuru ilikabidhiwa mwaka 1976. Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, nitakaouita Mkataba wa Wanawake, ulipitishwa tarehe 18 Desemba 1979, na Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Kwa hesabu hiyo behewa lilikaa stesheni miaka tisa likisubiri mzigo. Lakini huo ni utani, na mwenzangu anastahili jibu zito zaidi. Kauli yake ina nguzo mbili: kwamba mila ni yetu na ni ya tangu na tangu, na kwamba haki ni ya wageni na ni ya juzi. Nguzo zote mbili zimeoza.

Mila ya nani, hapa Mlimba? Hapa kuna Wandamba na Wabena, kuna Wapogoro na Wahehe, kuna waliokuja na ujenzi wa reli wasirudi kwao, kuna Wasukuma walioshuka na ng'ombe. Mvuke mto na kupanda kuelekea Uluguru, katika mkoa huuhuu wa Morogoro, mtakuta ardhi ya ukoo ikipita upande wa mama. Mwanamke wa Kiluguru akiolewa Mlimba na mume akafa, ni mila ipi itakayokaa kikao? Mwenzangu anazungumza kana kwamba bonde hili lilikuwa kaya moja yenye mzee mmoja.

Tena, ile "mila" inayosomwa mahakamani dhidi ya wajane na mabinti haikutoka kinywani mwa mzee yeyote wa Mlimba. Imo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, kanuni za urithi zilizochapwa kwenye Gazeti la Serikali. Humo warithi wamepangwa kwa madaraja: mtoto wa kiume mkubwa daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Humo mwanamke anaruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini haruhusiwi kuiuza. Humo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Na kazi ya kuzikusanya na kuzioanisha mila hizo ilianzia mikononi mwa Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, ambaye mwaka 1945 alikuwa ameshatoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya akishirikiana na Hartnoll. Cory alizaliwa Vienna. Basi ikiwa kosa la haki za wanawake ni kuguswa na Mzungu, mila tunayoitetea nayo iliandikwa na mtu wa Vienna na kupigwa chapa Dar es Salaam. Sisemi Cory alibuni kila kitu. Alikaa na wazee na kuwasikiliza. Nauliza tu aliwasikiliza akina nani, na wake zao walikuwa wapi siku hiyo.

Sasa, kwa nguzo ya pili, niruhusuni nikae kwenye hati ninayoipenda kuliko zote, hata wanafunzi wangu wakiniona nimeishika huangaliana. Ni hukumu ya Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Iliandikwa na Jaji James Mwalusanya.

Bi Holaria alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Jamaa wa ukoo, Bernardo, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akitaka mauzo yafutwe, kwa hoja kwamba mwanamke wa Kihaya hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikamkatalia. Bernardo akakata rufaa Mwanza, na huko akakutana na Mwalusanya.

Tazameni anavyojenga hoja. Anaweka mezani Sura ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Anamleta Mwalimu Nyerere, maandishi yake ya 1967 juu ya ujamaa na maendeleo vijijini, pale Mwalimu anapokiri kwamba jamii zetu za jadi zilimweka mwanamke chini. Ndipo anaifikia ile mikataba: Azimio la Dunia la Haki za Binadamu, Mkataba wa Wanawake, Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kisha anafanya jambo la ufundi ambalo wanasheria vijana hulipita haraka. Haiui kanuni ya mila. Anatumia sheria ya mpito ya mwaka 1984 iliyowaruhusu majaji kuzisoma sheria za zamani kwa marekebisho ili zilingane na Katiba, na anairekebisha kanuni ya urithi: alicho nacho mwanamume wa ukoo, mwanamke naye anacho. Mwanamume wa Kihaya akiuza ardhi bila ridhaa, ukoo unaweza kuikomboa kwa kulipa bei. Basi na iwe hivyohivyo kwa Bi Holaria. Mauzo ni halali. Bernardo akiitaka ardhi, alete shilingi 300,000.

Huo ndio uzuri wake. Ukoo haukunyimwa nafasi. Ulinyimwa upendeleo tu. (Mwalusanya huyuhuyu, mwaka 1994, aliitangaza adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikamgeuza mwaka uliofuata. Alikuwa jaji asiyeogopa kugeuzwa, na si wengi wa namna hiyo.)

Mwenzangu atasema: umejifunga mwenyewe, jaji wako amenukuu mikataba ya New York. Ndiyo, ameinukuu. Lakini mikataba haikwenda Muleba kumtafuta Bi Holaria. Bi Holaria ndiye aliyeuza shamba, akashikilia kwamba ni lake, akasimama mahakama tatu. Bila yeye kung'ang'ania, mikataba yote ile ingebaki karatasi tulizotia sahihi.

Na kuna shauri la zamani zaidi. Mwaka 1983, miaka miwili kabla hatujauridhia Mkataba wa Wanawake, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Swali lilikuwa: mke aliyekaa nyumbani akipika, akifua na kulea, je, amechangia nyumba aliyoijenga mume? Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja mchango wa fedha, mali au kazi, na majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Nyalali akasema kazi za nyumbani ni kazi, nazo ni mchango. Kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa kwa sababu nyingine ni uchungu wa shauri hilo. Lakini kila mwanamke aliyepata mgawo wa mali ya ndoa nchini baada yake anasimama juu ya mabega ya mama aliyetoka mikono mitupu.

Nilipoisoma hukumu hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka shangazi yangu. Alikuwa mkulima wa mpunga katika bonde hili. Msimu wa mvua alihamia shambani, akalala kwenye dungu na watoto, akaamia ndege tangu alfajiri. Mumewe alipofariki, mashemeji walikuja na maneno matamu na kamba ya kupimia. Shangazi hakujua Mexico wala Copenhagen. Aliomba kikao, na kikaoni aliwauliza swali moja: msimu uliopita, ndege wa shamba hili mlikuwa mkiwaamia nyinyi? Mzee mmoja akainamisha kichwa. Shamba halikupimwa siku ile. Shangazi hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa Sheria ya Ndoa, lakini swali lake na hoja ya Jaji Mkuu ni kitu kilekile: aliyeifanya kazi ana fungu.

Nisipime mzani kwa kidole. Yapo mambo mawili upande wa mwenzangu, na yote mawili ni mazito.

La kwanza ni wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, wanaojulikana kwa herufi, E.S. na S.C. Walifukuzwa majumbani na ndugu wa waume zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila ile inabagua, kisha ikasema kuibadilisha si kazi yake. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika amri, kosa lisilokuwa lao. Milango ya ndani ilipofungwa, waliandika kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Wanawake, njia iliyofunguka kwa sababu Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Hiari mwaka 2006. Machi 2015 Kamati ikasema Tanzania imevunja Mkataba. Siku hiyo Tangazo Na. 436 lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na bado lilikuwa sheria. Kwa hiyo nakubali: kwa wajane hawa, msaada wa kisheria ulitoka mbali.

La pili mnalijua kwa macho yenu. Kuanzia 2016 wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilipimiwa ardhi na kupewa hati za hakimiliki za kimila kwa programu iliyolipiwa na Uingereza, Sweden na Denmark. Wako wanawake ambao jina lao liliandikwa kwenye hati ya ardhi kwa mara ya kwanza. Fedha ilikuwa ya wageni. Lakini fedha ya wageni hiyohiyo, kwa jina la uwekezaji, ilichukua maelfu ya hekta za mpunga pale Mngeta, na sikumsikia mwenzangu akiulaumu Mkataba wa Wanawake kwa hilo. Na sheria iliyotekelezwa na programu ile ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyopitishwa Dodoma baada ya wanawake wa nchi hii kupiga kelele. Kifungu cha 20 kinaifuta mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Kifungu cha 60 kinataka watatu kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji wawe wanawake.

Nimepima, na bado nasimama pale nilipokuwa. Mkataba ni mtoto wa shauri. Wajane wa Shinyanga hawakusubiri Kamati iwafuate. Wao ndio waliokwenda na majeraha yao, na leo Kamati ikikutana na mjane wa nchi nyingine yoyote, ina uamuzi wa mafundi cherehani wa Shinyanga wa kuusoma. Haki ilipanda kutoka huku kwenda kule. Mtu akinionyesha kifungu kimoja cha haki za wanawake kisicho na mwanamke mkaidi nyuma yake, nitamnunulia tiketi ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa Bunge: lifute Tangazo Na. 436 la 1963 na kutunga sheria ya urithi iliyo sawa. La pili ni kwenu, akina mama mnaokaa kwenye mabaraza ya ardhi ya vijiji vya Mlimba. Mkimaliza shauri, andikeni uamuzi na sababu zake, muweke nakala ofisi ya kijiji, na mmpe nakala mama aliyeleta shauri. Kashasha waliandika, ndiyo maana Mwanza waliweza kusoma.